Bunkeya, kijiji chenye kujua shaba mbele ya Kampuni

Ukitoka Likasi na kuelekea kaskazini, upande wa mto Lufira, utafika Bunkeya, mu teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Kwa kuangalia haraka ni kijiji sawa vile vingine: mashamba ya mihindi, vichuguu, watoto njiani. Lakini miaka 140 iliyopita ulikuwa mji wa maelfu ya watu. Misafara ilikuwa inatoka pale kwenda paka ku pwani ya Zanzibar, na ingine ku Benguela, ku Angola.

Naandika hivi sababu ya vijana wetu wa kazi. Mu mikutano ya sendika nasikia kila mara: shaba ya Katanga, wazungu njo waliivumbua. Hapana! Union Minière ilizaliwa mwaka wa 1906, na tanuru ya Lubumbashi ilianza kutoa shaba mwaka wa 1911. Mbele ya pale Wasanga na Wayeke walikuwa na kazi yao, na ilikuwa kazi ya mafundi. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, watu walikuwa wanakwenda kuchimba malakita, lile jiwe la kijani tunalolijua wote. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakajaza makala na mawe, wakavuta mivukuto ya ngozi ya nyama wa pori. Shaba ilipoyeyuka, waliimwanga ikakauka kwa umbo la musalaba. Ile misalaba ilikuwa feza: ndiyo walinunulia vitu, ndiyo walitolea mahari. Njo maana mu 1960 waliweka mitatu mu bendera ya Katanga. Wayeke wao walijua pia kuvuta waya mwembamba na kufanya bangili. Mwaka wa 1926 Monsenyere de Hemptinne aliandika juu ya mafundi hao, akawaita wala shaba.

Mwenye kuleta Wayeke hapa ni Msiri, mutoto wa Kalasa, Musumbwa wa Unyamwezi, Tanzania ya leo. Alikuja kufanya biashara, akabaki mufalme wa Garenganze. Alikuwa mukali. Pamoja na shaba na pembe aliuzisha pia watumwa, na mutu wa sendika hawezi kuficha ile.

Lakini ku jambo moja namuheshimu. Waingereza wa Cecil Rhodes walimutuma Alfred Sharpe mwaka wa 1890: Msiri alikataa mapatano yao. Mu 1891 watu wa Léopold II walimuletea bendera, kwanza Le Marinel, kisha Delcommune: akakataa tena. Tarehe 20 Desemba 1891, kapiteni Bodson, wa msafara wa Stairs, akamupiga risasi. Bodson naye alipigwa pale pale, akakufa siku ile. Wazee wa Bunkeya wanasema wazungu walikata kichwa cha mwami wakaenda nacho, na paka leo hawajakirudishiwa. Sisi tunaojua namna kontra ingine inavyoletwa asubuhi na kuombwa sahihi mbele ya saa sita, tunaelewa ile hadisi haraka.

Kiisha pale mji ulivunjika, watu walisambaa. Baadaye Wayeke walirudi, na kiti cha mwami kiko kule paka leo. Mu ukoo ule alitoka Godefroid Munongo, minisitri wa mambo ya ndani wakati wa Katanga ya Tshombe. Wengi pale wanasema Kisanga leo. Kiyeke chenyewe ni cha wazee, na wazee wanaenda.

Siku ya kwenda ni 20 Desemba, wakati Wayeke wanakumbuka kifo cha Msiri, kwa ngoma na mavazi ya ufalme. Ndugu wa sendika, tupangishe motokari moja, tupeleke waalimu wa kazi pamoja na vijana wao. Itakuwa masika na barabara ni ya udongo: tuchague motokari ya juu, na tutoke siku moja mbele.