Kiwavi Hapumui kwa Mdomo

Kabla hujamtia kiwavi sufuriani, mlaze ubavu. Mvua zikishakolea hapa Kamina, viwavi wa miombo huingia sokoni, na macho yetu huwa kwenye unono wao tu. Tazama ubavuni: vidoa vimepangika kama madirisha ya behewa, tisa kila upande. Kimoja kiko nyuma ya kichwa, linafuata pengo, kisha vinane mfululizo hadi karibu na mkia. Wengi hudhani ni marembo. Ni matundu ya kupumulia.

Mdomo wa kiwavi kazi yake ni kula majani. Mapafu hana. Hewa huingia kwa matundu hayo, ikashika mirija inayogawanyika kama mizizi, hadi vijirija vyembamba kuliko unywele vinavyogusa misuli na utumbo. Oksijeni hushukia palepale inapotakiwa, na kaboni dioksidi hutokea huko huko ubavuni. Damu haihusiki na uchukuzi huo. Ndiyo maana ukimtumbua hutoka majimaji ya kijani au manjano, si mekundu kama yetu.

Je, nani anaisukuma hewa? Panzi utamwona tumbo likipwita. Kiwavi ametulia tuli. Mwaka 1920 Mdenishi August Krogh alipima mirija ya kiwavi mmoja mnene, akapiga hesabu, akaona kwamba hewa inaweza kusambaa yenyewe ikatosha, kwa kuwa safari ni fupi. Hapo naona ajabu kubwa kuliko pafu lolote. Ila safari ikirefuka, mwendo huo hauwezi kukidhi, na hiyo ni sababu mojawapo ya wadudu kubaki wadogo.

Kabla yake, mwaka 1669, Mtaliano Marcello Malpighi aliieleza mirija hiyo kwa viwavi wa hariri. Alipoyapaka mafuta matundu yao, walikufa. Mama anayechanganya kunde za mbegu na mafuta kidogo anatumia kanuni ileile: mayai ya wadudu yaliyoganda juu ya punje hukosa hewa.

Kiwavi akijivua gamba, utando wa ndani wa mirija nao huvuliwa. Ukiliokota gamba hilo chini ya mti, lichane taratibu: kwenye kila tundu utaona uzi mweupe ukining'inia, ndiyo njia ya pumzi ya jana.