Kwa Nini Mwingine Anatangulia Kuonwa?

Lalamiko la foleni tunalisikia sana: "Nimefika alfajiri, mbona yule mama kapitishwa mbele?" Mara nyingi si upendeleo. Mhudumu wa mlangoni hupanga wagonjwa kwa hali zao, si kwa saa waliyofika. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki, huonwa papo hapo. Kwake nusu saa ni nyingi. Ukimwona mtoto wa namna hiyo nyuma yako, mwite mhudumu, huenda hajamwona. Ila mtu akipitishwa kwa kujuana tu na mtumishi, hilo ni kosa. Mweleze msimamizi wa zahanati siku hiyo hiyo.