Anatahan: Kisiwa Kilichotawaliwa na Bastola

Wapenzi wengi wa senema wanalijua jina la Josef von Sternberg kwa zile filamu alizocheza Marlene Dietrich. Walioisikia "Anatahan", aliyoitengeneza Japani mwaka 1953, ni wachache mno. Haikuvuta watu ilipotoka, walakini wako walioipenda ambao mpaka leo huitafuta na kuitazama tena na tena. Mimi ni mmoja wao.

Kisa chenyewe kina asili ya kweli. Mwezi wa Juni 1944, katika Vita Vikuu vya Pili, Wamarekani walizamisha vyombo vya Wajapani karibu na visiwa vya Mariana, bahari ya Pasifiki. Mabaharia na askari wapatao 30 waliokoka wakafika kisiwa cha Anatahan. Huko waliwakuta Wajapani wawili, mwanamume na mwanamke, waliokuwa wakiangalia shamba la minazi. Vita vilikwisha mwaka 1945. Wao hawakusadiki. Karatasi zilizorushwa kuwaarifu waliziona hila za adui, wakakaa kisiwani mpaka 1951.

Katika filamu, njaa haikuwamaliza, kisiwa kiliwalisha. Walijifunza hata kutengeneza ulevi wa nazi, na sisi watu wa pwani, tunaojua tembo la mnazi linavyobomoa nyumba, hatuhitaji kuambiwa lililofuata. Mkubwa wao wa kijeshi alitaka kuwashika kwa amri, lakini cheo si kitu mbele ya walevi. Kisha wakavumbua ndege iliyoanguka, na ndani yake bastola mbili. Tangu siku hiyo mwenye bastola ndiye sultani, na yule mwanamke, Keiko, akafanywa ngawira yake. Sultani mmoja akiuawa, mwingine alikaa pahali pake, naye asipate usingizi.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya filamu hii. Jabari hakuja na jeshi kutoka ng'ambo. Jana alikuwa akila nao chungu kimoja. Wenziwe walikuwa wengi kumshinda, lakini kila mmoja aliitamani bastola ile kwa ajili yake mwenyewe, na kwa tamaa hiyo wote wakawa watumwa.

Sternberg aliijenga misitu ya kisiwa ndani ya jengo mjini Kyoto. Wachezaji wanasema Kijapani bila ya kufasiriwa, na sauti yake mwenyewe inasimulia kwa Kiingereza. Muziki ni wa Akira Ifukube, ambaye mwaka 1954 alitunga ule wa "Godzilla".

Mwishoni walionusurika wanarudi kwao, wanashuka uwanja wa ndege, na Keiko anawatazama. Baada ya walio hai, anawaona wakipita na wale waliouawa. Msomaji, ukiipata filamu hii itazame, kisha jiulize: ingekuwa wewe umeiokota ile bastola, ungeifanya nini?