Mtoto mwenye jiwe kwenye figo asinyimwe maziwa

Mtoto wa miaka sita akilia tumbo, nyumbani husemwa ni minyoo au mchango. Anapewa dawa, analala, na baada ya siku chache maumivu yanarudi. Mawe ya figo hayafikiriwi, maana tumeyazoea kwa watu wazima. Mtu mzima hushika kiuno na kueleza. Mtoto huonyesha kitovu tu, akatapika, au akakojoa mkojo mwekundu kama chai ya rangi.

Jiwe huanza mkojo unapokuwa mzito, kalsiamu na oksaleti zikagandana. Wazazi wakisikia "kalsiamu" humwachisha mtoto maziwa, na hilo ni kosa kubwa. Kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni na kutoka nayo kwa njia ya choo kabla haijafika kwenye figo. Ukiiondoa, oksaleti hupenya kwa wingi, na mifupa inayokua hukosa haki yake. Ni kweli kwamba mwaka 2008 nchini China maziwa ya unga yaliwaletea watoto wachanga mawe ya figo. Karibu watoto 300,000 waliugua na sita wakafariki. Lakini maziwa yale yalikuwa yametiwa kemikali ya melamini.

Cha kupunguza ni chumvi, kwa kuwa ikizidi, figo humwaga kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Krispi na mihogo ya kukaanga ya getini shuleni isiwe chakula cha kila siku. Kisha maji, tena mengi, hadi mkojo uwe na manjano hafifu. Watoto wengi hawanywi maji shuleni kwa kuogopa vyoo vichafu, kwa hiyo kamati ya shule inayosafisha vyoo inalinda figo za watoto.

Hospitali huanza na ultrasound, isiyo na mionzi. Jiwe lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe kwa maji na dawa ya maumivu. Lililokwama huvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko au hutolewa kwa kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo. Likitoka, lihifadhini lipimwe. Kwa watoto chanzo mara nyingi kimo mwilini, pengine cha kurithi, na bila kukijua, jiwe hurudi.

Maumivu ya ubavu yakija pamoja na homa, msisubiri asubuhi. Huenda mkojo umeziba ukiwa na maambukizi, na figo huweza kuharibika upesi. Mpelekeni mtoto hospitali usiku huohuo.