Bei ya Mkeka wa Ukili

Hapana nyumba ya mwambao wetu isiyoujua mkeka. Mtoto mchanga hulazwa juu yake, mgeni hutandikiwa, na siku ya msiba waliofika kuhani huketi juu yake. Lakini kitu hiki kilichotukuzwa nyumbani hakina heshima gulioni. Mwenye mihogo ana pahala pake, mwenye nazi na mwenye machungwa kadhalika. Akina mama wenye mikeka, vikapu na makawa huketi pembezoni, juani, bidhaa zao zimeegemezwa ukutani.

Twadhani wanunuzi wengi hawajui wanunuacho. Makuti machanga ya mkindu hukatwa mabondeni, kwenye majimaji, yakaanikwa hata yakawa meupe, ndipo yakachanwa chane kwa chane. Zitakazotiwa rangi huchemshwa sufuriani. Kisha husukwa ukili, ule utepe mrefu ambao mama huusuka huku akibembeleza mtoto, huku akizungumza na jirani. Na kwa kuwa husukwa hivyo, katikati ya shughuli nyingine, watu wamezoea kuihesabu kazi hiyo kuwa si kazi. Hapo ndipo dhuluma inapoanzia. Ukili ukitimia hushonwa kwa sindano, mshono baada ya mshono, hata ukatoka mkeka mmoja.

Mchuuzi wa mjini ayajua hayo yote kuliko sisi. Hafiki asubuhi. Hufika alasiri, gari la mwisho likikaribia kuondoka, na bei atakayoitaja ndiyo itakayokuwa bei, maana mama hana pa kuiweka mali yake hadi gulio lijalo, na nyumbani unga unangojwa.

Tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, tulitaraji kikapu kitarudi mikononi mwa watu. Kilirudi kidogo. Nafasi kubwa ilitwaliwa na mifuko mbadala ya kiwandani, ambayo mingi yake (tusidanganyane) imetokana na plastiki ile ile. Mwenye kiwanda alikuwa tayari kutoa maelfu kwa siku. Wasukaji wetu walikuwa kila mmoja na vikapu vyake vitatu, kila mmoja na bei yake.

Tunasema hayo kwa sababu njia ipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Wanawake huipata kwa vikundi. Basi wasukaji na waungane, na fedha hizo zisitumiwe kununua rangi na sindano tu, bali kikundi kiwanunulie wanachama wake mikeka kwa bei waliyokubaliana, kiihifadhi, kiiuze wakati mnunuzi anapoihitaji. Hiyo ndiyo maana ya ushirika. Mengine ni mihuri na vikao.

Wasukaji nao tunawaambia kweli. Ukili uliolegea na rangi inayotoka mkeka ukiingia maji humfanya mnunuzi asirudi. Tena shina la mkindu likikatwa kiini hufa. Anayekata bila kuchagua anamnyima bintiye kazi.

Kwa wasimamizi wa magulio ombi letu ni dogo. Wanaotoza ushuru wa pembezoni na juani watoe angalau kivuli. Chumba kimoja kikavu karibu na soko, chenye kufuli na daftari la kuandikia mali ya kila mmoja, chatosha kuanzia. Na mchuuzi wa alasiri atakapofika ataikuta mikeka imekwisha fungiwa, na bei imebandikwa mlangoni.