Nani Atasema kwa Ajili Yako?

Ndugu msomaji, leo tunazungumza nawe juu ya jambo ambalo wengi hawapendi kulitaja: siku ile utakapougua sana hata ushindwe kusema. Wengine hufikiri kwamba kutaja mauti ni kuyaita. Sivyo. Mtu anayeezeka nyumba yake kabla ya mvua haiiti mvua. Anajua tu kwamba itanyesha.

Tuseme kuna baba mmoja wa Katoto, upande wa Kamina. Usiku mmoja anaanguka. Mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umekwenda kando, maneno hayatoki. Anapelekwa hospitali. Mwanawe aliye Lubumbashi anapiga simu: "Mpandisheni treni, mleteni huku." Ndugu yake anasema: "Hapana, turudi kijijini tumtafute aliyemfanyia hivi." Mke wake ana neno moyoni, lakini hakuna anayemwuliza. Mbuzi wanauzwa, kisha baiskeli, kisha shamba. Je, mgonjwa mwenyewe alitaka nini? Hakuna ajuaye. Hakuwaambia alipokuwa na kinywa.

Wazee wetu husema, mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji, labda. Lakini kupasuliwa, au kusafirishwa mbali na nyumbani, ni mambo makubwa. Kwa hayo mgonjwa aulizwe. Na kwa kuwa huenda siku hiyo hataweza kujibu, ajibu sasa.

Jibu maswali haya matano ungali mzima:

1. Nani atasema kwa ajili yako? Chagua mtu mmoja: mke, mume, mtoto au rafiki mwaminifu. Asiwe yule mwenye sauti kubwa tu. Awe yule atakayesema mapenzi yako, si yake mwenyewe.

2. Ukiwa na ugonjwa usioponyeka, wataka nini? Mwingine husema, "Jaribuni kila kitu." Mwingine husema, "Msiuze shamba la watoto kwa ajili ya siku chache." Majibu yote mawili yana heshima.

3. Ungependa kufia wapi, hospitali au nyumbani?

4. Ungependa kuzikwa wapi? Yakobo alipokuwa Misri aliwaita wanawe, akawaagiza wamzike Kanaani, katika pango la Makpela. Wakajua la kufanya, wala hawakugombana.

5. Nani ana deni lako, na wewe una deni la nani?

Jambo hili usilielewe vibaya. Kupanga si kukataa dawa. Mtoto mwenye homa kali, mama ambaye uzazi umemshinda, mtu aliyepooza ghafula: hao wapelekwe hospitali upesi, pasipo mkutano wa jamaa. Tunasema juu ya ugonjwa ambao mganga ameupima, akaona hauponyeki tena.

Hata hapo kazi ya mganga haijaisha. Maumivu yaweza kutulizwa. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha kazi ya namna hiyo Kampala, Uganda. Morfini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake, ikawapa raha wagonjwa wengi wa kansa. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Dawa hii haipatikani katika kila dispensari. Basi uliza mapema, kabla maumivu hayajawa makali. Ikitolewa kwa kipimo cha mganga, haimwui mgonjwa. Inamwacha alale na azungumze na watoto wake.

Tena, mwili unaoelekea mwisho haudai chakula. Msimlazimishe. Chakula chaweza kuingia katika mapafu na kumletea shida ya kupumua. Lowesheni midomo yake kwa kitambaa safi chenye maji, mgeuzeni ubavu mara kwa mara asipate vidonda, mshikeni mkono. Siku hizo hata uji aulizwe.

Sasa juu ya nyumba na mali. Sheria ya jamaa ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi. Inamwachia pia mjane haki ya kutumia nyumba waliyokaa na mumewe, pamoja na vyombo vyake. Lakini ni wajane wangapi wametolewa nje kabla udongo wa kaburi haujakauka? Kwa hiyo andika wasia. Uandike wote kwa mkono wako mwenyewe, tia tarehe, tia sahihi. Kama hujui kuandika, nenda ofisini mapema uulize namna ya kuufanya mbele ya mwenye mamlaka.

Jambo la mwisho ni kubwa. Mwombe mganga alitaje jina la ugonjwa wako mbele ya mkeo na mbele ya ndugu zako pamoja. Ugonjwa usio na jina hutafutiwa mchawi, na mara nyingi anayeshitakiwa ni mjane, au bibi mzee, au mtoto. Neno moja la mganga, likisikiwa na wote, laweza kumlinda mtu asiye na kosa.

Basi, baba, mama, usingoje homa. Jumapili hii, chakula kikiisha, waite watu wako. Waambie maneno yako pole pole, watoto wakubwa wasikie. Mtu uliyemchagua ayarudie mbele yako, uone kama ameelewa. Kisha siku utakapokwenda hospitali, mwuguzi aliandike jina lake katika karatasi zako. Na ukibadili nia yako, waite tena uwaambie. Maneno ni yako, ungali hai.