Ukakasi wa Barolo na Vyakula vya Kinondoni na Temeke

Makala haya yanafafanua kwa nini Barolo, mvinyo mwekundu wenye nguvu kutoka Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, hupatana na baadhi ya vyakula vinavyoliwa Kinondoni na Temeke na kukinzana na vingine. Hoja kuu ni kwamba sifa inayoamua upatanifu huo ni ukakasi, wala si ukali au uchungu kama inavyosemwa kwa mazoea. Kuyachanganya maneno hayo matatu kuna gharama: mnywaji aliyezoea dompo, mvinyo mtamu wa Dodoma, huonja Barolo ya bei kubwa akadhani imeharibika. Jambo hili linashangaza kidogo, kwa kuwa wamisionari wa Kiitalia ni miongoni mwa waliopanda mizabibu Dodoma katika miaka ya 1950.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Nebbiolo. Sheria ya Italia huitaka ikomae kwa miezi isiyopungua 38, ambapo 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mbao, na kiwango cha kilevi kisiwe chini ya asilimia 13. Rangi yake si nzito, hivyo jicho haliwezi kuipima nguvu yake. Nguvu hiyo imo katika tanini, kemikali zitokazo kwenye maganda na mbegu za zabibu, ambazo hushikana na protini za mate na kuufanya ulimi ukose utelezi. Mkazi wa Mbagala aliyewahi kula bibo au zambarau isiyoiva vizuri anaijua hali hiyo na analo neno lake. Anaijua pia katika chai ya rangi iliyokaa mno na majani yake. Chai hiyo ikitiwa maziwa ukakasi hupungua, kwa sababu tanini huzishika protini za maziwa badala ya zile za mate.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala mezani. Watu wa Piemonte huipika nyama ya ng'ombe taratibu kwa saa kadhaa ndani ya mvinyo huo huo, hadi nyuzi zilegee. Kwa Dar es Salaam, mtu angetarajia mshikaki wa steki uwe mwenzi wa kwanza wa Barolo. Mwandishi wa makala haya hakubaliani na tarajio hilo. Ng'ombe wengi wanaofikishwa katika mnada wa Pugu ni wa asili, waliolishwa malishoni, na steki yao ina mafuta machache. Ikikaushwa juu ya mkaa, kinywa hukaukiwa mara mbili. Afadhali mbavu za mbuzi zilizochomwa zikiwa na mafuta yake na chumvi, au nyama ya mchuzi iliyochemka muda mrefu. Makongoro yanastahili nafasi ya juu zaidi: ulaini wake unaonata hutokana na protini, nazo huupunguza ukakasi huku uchachu wa mvinyo ukiyakata mafuta ya supu. Kitimoto nayo hufaa kwa mafuta yake. Ni dhahiri kwamba uchambuzi huu hauwahusu wakazi wengi wa maeneo haya ambao dini yao haiwaruhusu kilevi.

Samaki ni habari nyingine. Madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuacha shombo kinywani, na kibua huidhihirisha upesi. Pilipili nayo, hasa ile ya kusaga inayowekwa kando ya nyama choma, huchochewa na kilevi na kuuzidisha muwasho. Atakayekunywa Barolo na aiache pembeni, ila kachumbari yenye ndimu haina ubaya. Tui la nazi lina mafuta mengi lakini protini kidogo, kwa hiyo haliutulizi ukakasi kama maziwa yanavyofanya.

Hali ya hewa nayo huingilia. Maelekezo ya vitabuni ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba yalitungwa kwa vyumba vya Ulaya. Katika nyuzi 30 za Temeke harufu ya kilevi hutangulia kila kitu, hivyo chupa ikae jokofuni kwa takriban nusu saa kabla ya kufunguliwa, ili ishuke kuelekea nyuzi 18.